Mnatulaumu wapiga kura bure: mfumo wa uchaguzi ndio unaotunyima wawakilishi

Wanajukwaa, nimechoka. Kila mbunge anapopitisha sheria inayowaumiza watu wake, lawama humwangukia mpiga kura: eti tulichagua vibaya, eti hatuna elimu ya uraia. Nakataa. Mbunge humtumikia yule awezaye kumng'oa, na mwenye uwezo huo hupangwa na mfumo wa uchaguzi, ambao mpiga kura ni nadra sana kuulizwa maoni yake juu yake.

Chukueni mfumo wa jimbo moja, mbunge mmoja, ambapo anayeongoza hushinda hata asipofikisha nusu ya kura. Mwaka 2024, katika jimbo la South West Norfolk nchini Uingereza, mshindi alipata kura 11,847, sawa na asilimia 26.7, akimpita waziri mkuu wa zamani, Liz Truss, aliyepata 11,217. Itazameni hesabu hiyo kwa utulivu: karibu watu watatu katika kila wanne waliofika kupiga kura waliweka alama kwenye jina jingine, na bado huyo ndiye anayesimama bungeni kusema kwa niaba yao wote. Kitaifa, chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 ya kura, ilhali Reform UK, chenye zaidi ya asilimia 14, kiliambulia viti 5. Sikipendi wala sikichukii chama chochote kati ya hivyo. Ninachokichukia ni kura ya mtu kuhesabiwa kisha isizae kitu.

Lesotho iliyalipia haya kwa gharama kubwa. Mwaka 1998 chama tawala kilitwaa viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Zikafuata ghasia, katikati ya mji mkuu, Maseru, pakateketea, na majeshi ya nchi jirani yakaingia. Ni baada ya hapo ndipo viti 40 vya kusawazisha uwiano, yaani kusogeza viti vya kila chama karibu na sehemu yake ya kura, vilipoongezwa, vikatumika katika uchaguzi wa 2002. Kwa nini lazima mji uungue kwanza?

Lakini msikimbilie kuniambia kwamba orodha za vyama ndizo dawa. Afrika Kusini hugawa viti 400 vya Bunge la Taifa kwa uwiano wa kura, na kwa hesabu ya vyama haki hutendeka. Hata hivyo, majina yaliyomo kwenye orodha na mpangilio wake huamuliwa na chama; mpiga kura hawezi kumshusha mtu mmoja mzembe bila kukiadhibu chama kizima, na mbunge akikihama chama chake hupoteza kiti. Mtu wa namna hiyo akiletewa muswada mbaya, atamwogopa nani: aliyempigia kura, au aliyeandika jina lake nafasi ya 12 badala ya ya 212?

Kinachonikera zaidi ni kuambiwa kwamba hakuna njia nyingine. Ireland huchagua wabunge kadhaa katika kila jimbo, na mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3 na kuendelea. Kura ya mgombea aliyetolewa huhamia kwa anayefuata katika mpangilio wa mpiga kura huyo, na hata wagombea wa chama kimoja hushindana mbele ya wananchi. Wapo wanaolalamika kwamba wabunge wa huko hushughulikia mno shida ndogondogo za majimboni kwao. Kasoro hiyo mimi naipokea kwa mikono miwili.

Serikali ya Ireland ilitaka kuufuta mfumo huo mara mbili, 1959 na 1968, na mara zote mbili wananchi walipoulizwa kwa kura ya maoni walikataa. New Zealand nao waliulizwa mwaka 1993, wakaamua kuachana na mfumo wa kutegemea washindi wa majimbo peke yao. Kwingi, wenye kalamu ya kubadili kanuni ni walewale walioingia bungeni kwa kanuni hizo. Basi swali lipelekwe kwa wapiga kura wenyewe, na hadi siku hiyo ifike, asiniambie mtu kwamba mbunge huyu nilimchagua mimi.