Amechomoa printa ikiwa asilimia 92 ili achemshe chai!

Mfinyanzi wa Soweto:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na leo si baridi ya Mbeya. Ni hasira. Mwenye funguo amenichomolea printa ya 3D, ile inayojenga umbo kwa plastiki ya moto. AMECHOMOA! Kioo kinasoma 92, zimebaki dakika 45, yeye kavuta plagi kama anayeng'oa muhogo, akachomeka jagi la umeme.

Mnamjua. Aliyepita pale sanaa na ubunifu hawezi kusema hamjui. Yule wa shada la funguo shingoni, akitembea zinalia kama njuga. Ukiomba kufunguliwa maabara anauliza barua iko wapi. Ukileta barua, anataka muhuri. Ukileta muhuri, siku hiyo kaenda msibani. Mwaka huu tu kashazika ukoo mzima mara mbili.

Kazi yenyewe ni kimondo cha Mbozi. Nimekwenda Ndolezi mara mbili kwa nauli yangu. Mara ya kwanza jua lilikuwa kali, vivuli vikaharibu kila kitu. Nikarudi siku ya mawingu, nikazunguka lile dude la mita 3 nikipiga picha kwa simu, hatua moja picha moja, juu, kati, chini, zikafika 140. Kompyuta ya jirani ikakesha usiku kucha kuziunganisha ziwe umbo moja. Nikawa nacho kimondo kizima, na yale mashimo yake ambayo ukipitisha kidole unahisi ubaridi wa chuma. Nikaanza kuchapa saa moja asubuhi, tabaka la milimita 0.2 juu ya tabaka la milimita 0.2. Sikula. Saa kumi jioni, 92.

Akachomoa. Ananiambia, "Hilo dude lako linakula umeme tangu asubuhi." Jagi la umeme linafika wati 2,000! Printa ikishapata moto haigusi hata robo ya hapo! Nani anakula umeme?

Kimondo changu hakina mgongo. Kimebaki wazi juu, unaona ndani vile vyumba vya plastiki kama sega la nyuki lililopasuliwa, na pembeni kitone kimoja kimeganda pale kichwa cha printa kiliposimama. Nakusanya Ijumaa.

Bonde la Uyole:
Hii nayo chai.

Mfinyanzi wa Soweto:
Chai gani? Chai ndiyo iliyoniua! Alikuwa anakoroga sukari mimi nikiwa nimeshika kichwa!

Mtani wa Tukuyu:
Ugonile mkuu. Sasa 92 si umefaulu? Kwetu hiyo ni A. Peleka hivyo hivyo.

Jiwe la Loleza:
Nimeikuza ile picha uliyoweka. Mimi nikajua mkate wa kumimina umeliwa na panya.

Fundi Mwanjelwa:
Pole dogo. Ila printa nyingi siku hizi ukirudisha umeme zinaendelea zilipoishia. Ulijaribu?

Mfinyanzi wa Soweto:
Nilijaribu, kaka. Ikaniuliza niendelee, nikabonyeza ndiyo. Lakini kitanda, ile sahani ya moto inayobeba kazi, kilikuwa nyuzi 60, maji yamechemka, chai imeungwa, kitanda kimepoa tii, na kazi imeshabanduka kona mbili. Kichwa kilipoanza kutembea kikakikokota kimondo chote mpaka ukingoni. Na yeye anaangalia! Anapuliza kikombe!

Fundi Mwanjelwa:
Hapo basi tena. Anza upya, na uzibe lile dirisha. Julai hii upepo ukipiga tu, kona zinanyanyuka.

Mfinyanzi wa Soweto:
Nianze upya vipi, wakati kesho yuko msibani?

Binti Kihesa:
Kamwene. Wewe unalia na unayo printa? Sisi Iringa tuna tableti za kuchorea mpya kabisa, nailoni hazijabanduliwa, zimepangwa kabatini kama vyombo vya bi harusi. Tunaambiwa zinasubiri mgeni rasmi azizindue. Tangu nipo mwaka wa kwanza, na sasa namaliza. Tunachora kwa mausi! Kalamu ukiikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Mausi inajua kukandamiza? Hebu andika sahihi yako kwa mausi uone kama benki watakupa hela.

Mtani wa Tukuyu:
Kabatini ndiyo salama. Zikitoka zitawekewa chai juu.

Kijana wa Kabwe:
Nyie mnalilia vya kufungiwa. Mimi nimelipia bango la maonyesho mjini, rangi ya zambarau niliyoikeshea wiki nzima imetoka kama matope ya njia ya Igawilo. Na hela hawarudishi.

Fundi Mwanjelwa:
Ulipeleka faili la RGB, hiyo ni rangi ya kioo. Mashine inachapa kwa CMYK, wino nne. Geuza kwanza kabla hujapeleka, utaona zambarau inavyofifia hapo hapo, urekebishe mwenyewe.

Kijana wa Kabwe:
Nigeuzie wapi?

Binti Kihesa:
Krita, programu ya kuchorea. Ni ya bure na inageuza.

Kijana wa Kabwe:
Krita kwenye laptop ya ramu gigabaiti 2? Naifungua, naenda kuoga, narudi inazunguka.

Bonde la Uyole:
Nina laptop hapa ya mtumba kutoka Ulaya, ramu 8, haijafunguliwa na fundi yeyote. Njoo inboksi.

Jiwe la Loleza:
Usiende inboksi. Huyu aliniuzia chaja inayofanya kazi ukiishikilia kwa goti.

Bonde la Uyole:
Ile uliivuta mwenyewe, Jiwe. Usinichafulie biashara.

Mfinyanzi wa Soweto:
Wakuu, turudi kwenye mada. ALICHOMOA. Hakuuliza hii ya nani. Soketi ya pili ilikuwepo, iko wazi, hatua tatu tu kutoka kwenye kiti chake!

Kijana wa Kabwe:
Mkuu wa laptop, betri inakaa saa ngapi?

Bonde la Uyole:
Tatu, ukipunguza mwanga.

Binti Kihesa:
Iringa unatuma kwa basi?