Mchana tangazo la kamari, usiku bango la maandamano. Niache kazi?

mchora_usiku: Wadau, mi ni dizaina hapa Nairobi, nimeajiriwa kwa ejensi na nimepewa klaienti wa kubeti. Juzi nimeambiwa batani ya kuweka pesa iwe kubwa na ya kijani inayowaka, halafu lile onyo la miaka 18 nilishushe chini kabisa, kijivu juu ya kijivu, yaani liwepo tu lakini mtu asilione. Na ni mimi huyu huyu nachora mabango ya maandamano bure tangu yale maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Juni 2024, natetea vijana, na vijana ndio hao wanabeti karo kwa simu. Roho inaniuma. Niache? Nina kodi ya nyumba na mdogo wangu yuko chuo.

fonti_nene: Pole ndugu yangu. Usiache kabla hujapata pengine, ila bango la usiku halifuti tangazo la mchana, hilo tusidanganyane. Omba uhamishwe. Mwambie bosi kamari siwezi, nipe unga, nipe sabuni, nitapiga kazi.

wino_mweusi: Hii vita ni ya zamani sana. 1964 kule London dizaina mmoja, Ken Garland, alichapisha tamko na wenzake wakatia sahihi, kwamba vipaji vinaishia kwa chakula cha paka na dawa ya meno. Lakini hawakusema matangazo yafutwe, walitaka nguvu zaidi iende kwa vitabu, alama za barabarani, vifaa vya kufundishia. Na Garland mwenyewe alikula kwa kudizainia kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, Galt, huku akiwafanyia kazi CND waliopinga silaha za nyuklia. Kwa hiyo shida si kulipwa, shida ni nani anakulipa na anataka ufiche nini. Hilo onyo la kijivu mi ningelikataa leo leo.

dada_rangi: Sawa, lakini na wanaharakati watulipe jamani! Shirika lina bajeti ya hoteli na usafiri wa semina, likifika kwa bango unaambiwa changia harakati. Wangelipa hata nusu wengi wetu tungeshaacha kamari.

fonti_nene: Kweli kabisa dada. Na wewe mchora_usiku, mabango usiyafanyie kwa laptopu ya ofisi, na kabla hujatuma angalia jina lako halijabaki ndani ya faili.