Soko la Marekani linaporomoka, akaunti yangu ya kustaafu haifunguki tangu Alhamisi. Naombeni ushauri

Muuguzi_wa_Goba
Jumatatu 7 Aprili 2025, saa 3:10 usiku

Habari za usiku wana jukwaa. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Leo ni sikukuu ya Karume na wengi mko nyumbani, naomba mnisomee kwa utulivu maana huu ni usiku wa nne sipati usingizi.

Nilifanya kazi ya uuguzi Houston miaka 16. Mwaka 2023, nikiwa na miaka 55, niliacha kazi nikarudi Dar kwa sababu mama alipata kiharusi na wa kumhudumia nilikuwa mimi tu. Green card niliirudisha. Kilichobaki kule ni akaunti ya kustaafu, 401(k), niliyokuwa nakatwa kila mshahara na mwajiri anaongeza chake. Mwezi wa pili ilikuwa na dola 190,000 na kidogo. Hiyo ndiyo jasho langu lote. Nyumba ya Goba imefika kwenye linta, na hesabu yangu ilikuwa nikifika miaka 60 nianze kutoa kidogo kidogo, nipaue, na ibaki ya kumtunza mama na mimi mwenyewe.

Alhamisi tarehe 3 nikasikia redioni kwamba ushuru mpya wa Trump umeangusha masoko. Soko lao linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu. Nikaketi na simu dirishani, ndipo mtandao unaposhika vizuri, mvua inapiga bati. Nikaweka jina na neno la siri. Kaduara kakazunguka, kakazunguka, halafu: huduma haipatikani kwa muda, jaribu baadaye. Nimejaribu mpaka saa nne usiku.

Ijumaa ukurasa ulifunguka, ila sasa wanataka namba ya siri waliyoituma kwenye simu. Simu gani? Ni laini yangu ya Houston ambayo niliacha kuilipia mwaka jana. Namba yao ya bure haipigiki kutoka Tanzania. Nikapiga nyingine kwa laini ya kawaida, nikawekewa muziki dakika 47, salio likaisha. Nikanunua vocha tena, likaisha tena. Mama ananiuliza kutoka chumbani, "Unaongea na nani usiku wote huu?" Sina cha kumjibu.

Soko limeshuka kama asilimia 5 Alhamisi na 6 Ijumaa. Kwa hesabu ya kichwa nimepoteza zaidi ya dola 15,000 nikiwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi. Maswali yangu: naingiaje? Nikiingia niuze zote? Na hawa watu wanaweza kunilipa hasara?

---

KijanaSinza
saa 3:22 usiku

Pole sana mama yangu. Mimi ningeuza zote, nilete hela nyumbani, niweke hatifungani za BoT (Benki Kuu yetu), yaani niikopeshe serikali. Unapata riba yako kila miezi sita, hakuna presha.

---

Baba_Nasra
saa 3:41 usiku

Dada, pole na mama pia. KijanaSinza ana nia njema lakini kuna jambo halijui. Kuuza ndani ya akaunti na kutoa fedha nje ya akaunti ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiuza hisa ukahamishia mfuko mwingine humo humo ndani, hakuna kodi. Ukitoa kuleta Dar, kwa mtu asiye mkaazi wa Marekani wanazuia asilimia 30 papo hapo, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Hakuna hatifungani itakayofidia hiyo kwa haraka.

Swali langu kwako kabla ya yote: ndani ya akaunti una nini? Hisa za kampuni moja moja, au mifuko inayokusanya hisa za kampuni nyingi pamoja? Tafuta karatasi ya mwisho waliyokutumia.

---

Muuguzi_wa_Goba
saa 4:05 usiku

Asante kaka. Nimeipata taarifa ya Desemba kwenye bahasha. Kuna mifuko miwili. Sehemu kubwa, kama robo tatu, ni mfuko unaofuata kampuni 500 kubwa. Mwingine umeandikwa 2030, ni wa watu watakaostaafu karibu na mwaka huo. Niliichagua mwaka wa kwanza kazini na sikuigusa tena.

Ameniandikia mtu faragha, anasema ni wakala wa Afrika Mashariki wa kampuni inayotunza akaunti yangu, anaweza kunifungulia akaunti nikimpa neno la siri na kuweka programu ya kuona skrini yangu. Ni kweli wapo?

---

Mama_Salha
saa 4:07 usiku

USIMPE. Usimjibu kabisa. Huyo ni tapeli, ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Soko likianguka hawa wanaamka, wanajua watu wamechanganyikiwa. Mdogo wangu aliweka hiyo programu ya kuona skrini, wakaikausha akaunti yake ya benki yeye akiwa anatazama kidole kinatembea chenyewe. Na namba za huduma kwa wateja usizitafute kwa kugugo, wanatengeneza kurasa za bandia. Chukua iliyochapwa kwenye hiyo karatasi uliyoshika.

---

Baba_Nasra
saa 4:38 usiku

Mama Salha amesema kweli tupu.

Sasa dada, hiyo karatasi imebadilisha mambo, nifuatilie polepole. Hisa ya kampuni ina bei inayobadilika kila sekunde. Mfuko kama wako hauko hivyo. Unapewa bei mara moja tu kwa siku, baada ya soko kufungwa saa kumi jioni New York, ambayo kwetu sasa hivi ni saa tano usiku. Waliowahi kununua vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji ya hapa kwetu, wanalielewa hili: bei ya kipande ni ya siku, siyo ya dakika. Kwa hiyo ukibonyeza "uza" saa kumi na nusu jioni au saa nne na nusu usiku, unapata bei ile ile ya kufungia.

Yale masaa uliyokaa dirishani Alhamisi hayakukugharimu hata senti ya anguko la Alhamisi. Hata ungeingia dakika ya kwanza, ungeuza kwa bei ya jioni, anguko la Alhamisi likiwa limeshakula. Ulichokosa ni kuikwepa Ijumaa, kwa kuwa hukuweza kuuza Alhamisi kabla ya saa tano; na Ijumaa yenyewe kilichokuzuia kuingia ni laini iliyokufa. Siku ya kwanza tatizo lilikuwa la kwao, ya pili ni lako na lao kwa pamoja. Nakwambia hivi kwa sababu nataka uache kujaribu kila dakika mbili usiku kucha. Ukijaribu sana wanafunga akaunti kabisa kwa usalama.

Leo hii penyewe umeona? Soko lilifunguka likashuka vibaya, ukaja uvumi kwamba ushuru umesitishwa, likaruka juu, Ikulu yao ikakanusha, likashuka tena. Yote ndani ya saa moja na ushee. Mtu wa mfuko hana la kufanya na mabadiliko hayo.

---

Texas_Magomeni
Jumanne 8 Aprili, saa 12:50 asubuhi

Dada yangu, mimi nipo Houston bado. Nataka nikusimulie ya 2020 maana nayaona yanakujia.

Machi ile soko lilianguka mpaka likasimamishwa mara nne, tarehe 9, 12, 16 na 18. Kule wana utaratibu: likishuka asilimia 7 linasimama dakika 15, likifika 13 linasimama tena, 20 siku imekwisha. (Safari hii halijafika huko, kwa hiyo ukurasa wako kugoma siyo soko kufungwa, ni mitambo ya hao wanaotunza akaunti kuzidiwa na watu.) Nami nilikuwa siwezi kuingia. Nikazunguka chumbani kama mwenda wazimu. Siku nilipofanikiwa kuingia niliuza kila kitu, tena nikamshukuru Mungu. Ilikuwa Jumatatu tarehe 23 Machi. Baadaye ikajulikana kwamba ile ndiyo siku soko lilifika chini kabisa. Kufikia Agosti lilikuwa limerudi pale lilipokuwa kabla ya kuanguka. Mimi nilirudi 2021, nikanunua kwa bei ya juu mifuko niliyokuwa nayo. Mke wangu hajaniuliza mpaka leo, lakini najua anajua.

Sisemi litapanda kesho. Nasema uamuzi uliofanywa na mtu aliyegonga mlango siku nne haufanani na uamuzi wa mtu aliyelala.

Kuhusu laini: tafuta kwenye karatasi namba ya wapigaji walio nje ya Marekani, mara nyingi ipo nyuma kwa maandishi madogo. Piga kwa programu ya simu za intaneti, utatumia senti chache kwa dakika. Piga mara tu wanapofungua asubuhi yao, siyo soko linapofunguliwa. Ukimpata mtu, usimwombe akusaidie kuingia tu. Mwambie kwanza akuhakiki kwa maswali, kisha muulize kama anaweza kupokea agizo la kuhamisha mfuko kwa simu. Wengi wanaweza.

---

MzeeUpanga
saa 2:15 asubuhi

Binti, marahaba. Nilifanya kazi kwenye pensheni miaka mingi, za hapa. Kwetu mwanachama wa NSSF au PSSSF hachagui mfuko uwekeze wapi, kwa hiyo hapotezi usingizi kwa namna hii, ingawa ana yake ya kulalamikia. Wewe umepewa usukani, basi jiulize kwanza safari ni ya wapi.

Fedha ya kupaua utaihitaji lini? Kama ni ndani ya miaka miwili mitatu, haikupaswa kuwa kwenye hisa hata siku soko lilipokuwa kileleni Februari. Hiyo ihamishe, upate hasara uliyopata, uimalize. Fedha ya uzeeni, ya miaka 15 ijayo, iache. Usiyachanganye.

Jambo jingine. Umesema uliacha kazi ukiwa na miaka 55, na unasubiri 60. Wengi wanajua kwamba ukitoa 401(k) kabla ya miaka 59 na nusu unapigwa faini ya asilimia 10. Lakini aliyeacha kazi katika mwaka aliofikisha 55 au baada ya hapo hapigwi faini hiyo kwa akaunti ya mwajiri huyo. Wewe umo. Ila akija mtu kukushawishi uihamishie kwenye akaunti binafsi ya IRA, nafuu hiyo inapotea. Kodi yenyewe inabaki palepale, tafuta mtaalamu wa kodi za Marekani kabla hujagusa.

---

Adv_Kinondoni
saa 5:30 asubuhi

Kuhusu fidia, sitaki nikupe matumaini hewa. Mikataba ya akaunti hizi karibu yote ina kifungu kwamba hawawajibiki mfumo ukizidiwa. Na itabidi uthibitishe ungeuza nini, lini, kwa bei gani. Baba Nasra ameshaonyesha kwamba kwa Alhamisi ni vigumu.

Lakini andika. Leo, kabla hujasahau: tarehe, saa, ujumbe uliotokea neno kwa neno, muda uliosubiri kwenye simu. Skrinishoti kama unazo. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa msimamizi wa mpango, nakala kwa ofisi ya rasilimali watu ya hospitali, maana mwajiri ana wajibu wa kisheria juu ya mpango huo. Wakikaa kimya, kuna kitengo cha Idara ya Kazi ya Marekani kinachoshughulikia mafao, EBSA, kinapokea malalamiko bure.

---

KijanaSinza
saa 7:02 mchana

Nimejifunza. Nafuta ushauri wangu wa jana, mama.

---

Muuguzi_wa_Goba
Alhamisi 10 Aprili, saa 1:20 asubuhi

Nimerudi kuwapa mrejesho, maana mlinibeba.

Jumanne jioni nilipiga kama Texas_Magomeni alivyoelekeza. Namba ilikuwepo nyuma ya karatasi, herufi ndogo mno, nilitumia miwani ya mama. Nilisubiri dakika 70 nikaongea na binti mmoja mpole. Maswali ya uhakiki yalikuwa mengi, mpaka anwani ya nyumba niliyopanga 2011. Akafuta laini ya Houston. Kwa sababu nimebadilisha namba, kutoa fedha nje kumefungwa siku 10, lakini kuhamisha ndani kunaruhusiwa.

Jana Jumatano niliingia saa moja na nusu usiku. Mikono inatetemeka. Niliangalia salio mara moja, nikafunga macho, nikafungua. Nikafanya alivyosema Mzee: nilihamisha fedha ya kupaua na ya mwaka mmoja wa matunzo ya mama kwenda mfuko usioyumba. Iliyobaki sikuigusa. Nikaenda kumgeuza mama.

Saa mbili na nusu hivi simu inalia, Texas_Magomeni ananiambia sehemu kubwa ya ushuru imesitishwa siku 90, soko linapaa. Lilifunga limepanda asilimia 9 na nusu kwa siku moja. Na kwa sababu bei ya mfuko ni ya kufungia, agizo langu la saa moja na nusu limepata bei ya saa tano. Naandika wazi kwamba ni bahati. Agizo hilo hilo ningelitoa Ijumaa saa ile ile, lingenipa bei ya maumivu.

Barua ya malalamiko nimeiandika kurasa mbili, Adv_Kinondoni nimekutumia uipitie.

---

Baba_Nasra
saa 1:44 asubuhi

Alhamdulillah. Moja limebaki dada: usitegemee tena ujumbe wa simu. Weka Google Authenticator au inayofanana nayo, inatoa namba za siri bila laini na bila bando. Zile namba za akiba watakazokupa zichape, uziweke na hati ya kiwanja.

---

Muuguzi_wa_Goba
saa 2:30 asubuhi

Nimeweka. Nimezima data na kutoa laini kabisa kwenye simu, nikaijaribu. Imetoa namba. Nikarudisha laini na data, nikaingia kwa namba yake mpya.

---

Mbagala_Minnesota
saa 2:51 asubuhi

Mimi laini yangu ya Minnesota inakatwa mwezi wa sita na 401(k) yangu inatuma namba huko huko. Naanza leo kabla ya kwenda kazini.