Baiskeli ya lami Bonde la Kerio: njia tulivu, gia na breki kwa sisi wa pwani

MwanaTudor
Salaam aleikum ndugu zangu. Tuko wanne, tunajipanga kupeleka baiskeli za lami Bonde la Kerio mwezi wa kwanza, siku tano hivi ukitoa safari ya basi. Tunataka lami yenye magari machache. Mazoezi yetu ni ya hapa hapa: Mazeras–Rabai–Kaloleni, na Jumapili tunavuka Likoni kwenda kupanda Kwale. Baiskeli tatu zina rimu za alumini, breki za rimu, tairi za mm 25, chenwili (meno ya mbele) 53/39 na kaseti (meno ya nyuma) 11-25 ya gia kumi. Ya nne ina rimu za kaboni, nayo breki ni za rimu. Tuanzie Iten au Kabarnet? Gia hizi zitatosha? Na ile barabara ya chini inayokwenda Tot, mbona kwenye ramani inafuata bonde lote na inaonekana tulivu sana?

Mpanda_Rabai
Waaleikum salaam. Anzieni Iten. Njia yenyewe ni Iten–Tambach–Biretwo, mnavuka Mto Kerio kwenye daraja la Cheploch, kisha mnapanda hadi Kabarnet. Jumla kama kilomita 55, lami. Iten iko mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, darajani kama 1,100, Kabarnet kama 2,000. Kwa hiyo kwenda mnateremka 1,300 na kupanda 900, kurudi ni kinyume chake. Kwale iko mita 400 hivi tu, basi kwa mpando wa kurudi piga hesabu ya Kwale tatu bila kushuka katikati.

Jambo watu wa pwani hawalipangi ni jua. Ukuta wa Iten, yaani ule ukingo mkali wa bonde, unatazama mashariki, mteremko wa Kabarnet upande wa Kerio unatazama magharibi. Ukitoka Iten saa kumi na mbili na nusu unashuka jua likiwa limekukabili machoni: hulioni shimo, humwoni mbuzi aliyelala kwenye kona. Tena Iten alfajiri ni baridi ya kufa ganzi vidole, na vidole vikifa ganzi hubani breki vizuri. Tokeni saa mbili kasoro, jua likishapanda kidogo, mkiwa na koti jepesi la upepo na glavu za vidole vizima. Mvivue Biretwo, huko chini joto ni letu.

Ukifika Cheploch kabla ya saa nne, mwanzo wa mpando wa Kabarnet unaupanda kabla ya jua kali. Kurudi geuzeni: kesho yake teremkeni kutoka Kabarnet mchana, mjipumzishe chini ya miti, mwanze kupanda kutoka Biretwo saa nane na nusu. Kadiri jua linavyokwenda magharibi ndivyo ukuta wenyewe unavyowafunika. Mkipanda Iten saa tano asubuhi, lami ile inawarudishia moto usoni bila upepo wowote. Ila msichelewe. Kama saa kumi na moja hamjafika Tambach, simamisheni matatu, baiskeli zikae kwenye keria. Magharibi inaingia kabla ya saa moja, na kona zile si za kupanda na kurunzi.

Matuta yako karibu na vituo vya soko, mengine hayana rangi wala kibao, na utayakuta ukiwa na kasi. Kwenye kona jihadhari na changarawe iliyoletwa na maji ya mvua, huwa inakaa upande wa ndani, pale hasa unapotaka kupita.

Kama mna siku ya ziada, pale Biretwo kuna njia ya kusini, chini ya ukuta, hadi Kimwarer, halafu inapanda Nyaru. Mpando huo ndio uliokuwa njia ya malori ya mgodi wa floraspa, madini yaliyokuwa yakija kupakiwa meli hapa Mombasa. Mgodi ulisimama mwaka 2016, na malori hayo yakatoweka. Ulizeni hali ya lami pale Biretwo kwanza. Mpando ni mrefu na maduka ni machache.

Siku mbili za kwanza msishuke. Zungukeni juu, Iten kuelekea Bugar, saa moja na nusu kwa mwendo wa kuzungumza. Iten kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa robo kuliko hapa kwetu. Kichwa kikigonga na usingizi ukikataa, ongeza siku, usiongeze kahawa.

FundiMagongo
Naanza na gia. 39 kwa 25, kila mzunguko wa pedali baiskeli inakwenda mita 3.3 hivi. Ukizungusha mara 60 kwa dakika ni kilomita karibu 12 kwa saa. Kwenye mpando wa asilimia 7 au 8, hewa ikiwa pungufu, kasi hiyo hamtaishika saa mbili. Mtaanza kukanyaga mizunguko 40, na magoti ndiyo yatakayolipa.

Msikimbilie kununua chenwili ya 34. Chenwili zenu za 53/39 kwa kawaida matundu ya bolti yako kwenye duara la mm 130, na duara hilo halikubali pungufu ya meno 38. Badilini nyuma: kaseti 11-32. 39 kwa 32 ni sawasawa na 34 kwa 28, kwa hiyo mnapata wepesi uleule bila kugusa mbele. Lakini dereila (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo) yenye mkono mfupi, nyingi zake mwisho ni meno 28, basi nunueni na dereila ya mkono wa kati. Mnyororo nao lazima uwe mrefu zaidi. Uzungushe chenwili kubwa na jino kubwa la nyuma bila kuupitisha kwenye dereila, pale ncha zinapokutana ongeza pingili mbili. Ukiacha ule wa zamani, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa utang'oa sikio la dereila, kile kipande kinachoishikilia kwenye fremu, na huko Tambach sikio la fremu yako hulipati. Bebeni moja la akiba kila baiskeli.

Sasa breki, na hapa nawaomba mnisikilize. Baiskeli ya pwani inaliwa na chumvi mahali usipopaona. Waya wa breki unaonekana mzima nje, ndani ya kava umeota kutu. Vuta kava nyuma pale waya unapoingilia kwenye mkono wa breki, umulike kwa tochi: ukiona uzi mmoja umekatika au rangi ya kahawia, badilisha waya na kava, mbele na nyuma. Mkono ukiuachia haurudi wenyewe haraka, hiyo ni kutu tayari. Pitisheni pia kidole kwenye vichwa vya spoku, vinaota unga mweupe kisha vinapasuka.

Shu za breki: zitoe, chokoa kwa ncha ya kisu vipande vya alumini vilivyojichomeka kwenye mpira, maana hivyo ndivyo vinavyochonga rimu. Mifereji ikiisha, weka mpya. Rimu yenyewe weka rula ubavuni. Ikiwa imebonyea katikati kama kijiko, hiyo haishuki Iten.

Kushuka: msishikilie breki muda wote. Achia kwenye nyoofu, bana kwa nguvu sekunde mbili tatu kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, kisha achia kabisa rimu ipoe kwa upepo. Ukiburura breki kilomita nyingi, joto lote linaingia kwenye rimu, presha ya tairi inapanda, na tyubu inaweza kupasuka kwenye kona.

Yule wa rimu za kaboni aziache nyumbani, aazime magurudumu ya alumini. Kaboni haipitishi joto vizuri, linabaki palepale shu inapobana, gundi iliyoshika nyuzi inalainika, ubavu unavimba. Akiazima akumbuke kubadilisha na shu, kwa kuwa za kaboni ni tofauti.

Na kama fremu inapokea, wekeni tairi za mm 28.

DadaWaKongowea
Kuhusu Tot: msiende, tafadhali. Upande wa kaskazini wa bonde, Arror, Tot hadi Chesegon, wizi wa mifugo wa kutumia bunduki umekuwa ukijirudia. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi kaunti sita za huko, Elgeyo Marakwet na Baringo zikiwemo. Utulivu mnaouona kwenye ramani una sababu. Hata njia ya Iten–Kabarnet, piga simu kwa wenyeji wa nyumba mnayolala jioni ya kuamkia safari. Tena chini ya ule ukuta mvua kubwa huleta maporomoko. Chesegon Aprili 2020 watu walikufa. Mwezi wa kwanza ni kiangazi, hilo mmelichagua vizuri.

Cheploch mto unapita kwenye mwanya mwembamba wa mawe, na vijana hupiga mbizi kutoka juu ya miamba kwa malipo. Punguzeni mwendo darajani, watu husimama barabarani kutazama. Msishuke kuoga, Kerio ina mamba. Na msidanganyike kuingia vumbi la kuelekea hifadhi ya wanyama ya Rimoi kwa tairi nyembamba, kule kuna ndovu.

Maji: chupa mbili za ml 750 zikijazwa Biretwo ndizo za kupandia. Kunywa kadiri ya kiu, hadi ml 750 kwa saa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika moja ya chupa.

MwanaTudor
Shukran sana. Tot tumeifuta. Fundi, dereila ya mkono wa kati itaendana na vifundo vyetu vya kubadilishia gia, vile vya gia kumi? Na kwenye basi tufungeje?

FundiMagongo
Itaendana mradi ni ya barabara, gia kumi, kampuni ileile ya vifundo na mvuto wa waya uleule. Kwa Shimano, usichanganye na ya baiskeli ya milimani ya gia kumi, mvuto wa waya si mmoja.

Kwenye basi: toa pedali, ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kisaa. Fungua dereila kutoka sikioni, izungushie gazeti, ifunge ndani ya fremu. Toa gurudumu la mbele, weka kipande cha mbao cha mm 100 kati ya miguu ya uma isibonyezwe. Ilazwe upande usio na mnyororo, na mmoja wenu ashuke kila buti inapofunguliwa.

Mkifika Iten, kabla ya kwenda popote, kaza bolti ya usukani, zungusha magurudumu, bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Waya ukitaka kukatika, ukatike pale.