Uhuru wa dini unaojadiliwa London na Washington, unafika mpaka shule ya Katuba?

Mshonaji_Katuba

Jambo kwenu wote. Mimi ni mama, ninashona nguo hapa Katuba, Lubumbashi. Sisi ni Waislamu, lakini binti yangu anasoma kwenye shule ya konvansioni inayoongozwa na dini nyingine, kwa sababu iko karibu na nyumbani na ndiyo yenye seksheni ya biolojia na kemia aliyoitaka. Mwaka ujao anafanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Miaka yote amevaa kitambaa cheupe kichwani, nimekishona mimi mwenyewe kwa kitambaa kilekile cha blauzi ya yunifomu, na hakuna aliyesema neno. Mwaka huu amekuja prefe mpya, yaani mkuu wa shule. Amesema ndani ya ua hataki kuona kichwa kilichofunikwa, na anayetaka kufunika aende shule ya dini yake. Mtoto amerudishwa nyumbani. Hakuna barua, ni mdomo tu. Minervali, ada ya shule, ya muhula nimeshalipa na risiti ninayo.

Kaka yangu yuko Brussels. Tangu nimwambie, simu yangu haipumziki: mara mkutano wa mawaziri kuhusu uhuru wa dini, mara muungano wa nchi, mara mtu wa Umoja wa Mataifa. Anasema, "Waandikie Geneva, dunia nzima sasa inashughulika na jambo hili." Mume wangu anacheka, anasema hao ni watu wa ndege na hoteli.

Mimi nauliza nyinyi mnaojua: kuna kitu chochote humo kwa mtu kama mimi? Na tafadhali msije hapa kutukana Wakatoliki wala Waprotestanti. Jirani yangu anayeimba kwaya ndiye anayetuletea madaftari ya mwanawe ili binti yangu anakili masomo.

Mtu_wa_Ruashi

Mama, kila nyumba ina sheria zake. Shule za konvansioni za Kiislamu zipo, mpeleke huko, mambo yaishe. Prefe hamtamshinda.

Sekretariati_Kampemba

Mama, pole sana. Huyo wa juu yangu anasema kirahisi kwa sababu si yeye atakayelipa minervali mara ya pili.

Nina sekretariati ya umma huku Kampemba: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi, na betri ya wakati umeme unapoamua yake. Napigia watu barua za kila aina, kwa hiyo najua barua inavyokufa na inavyoishi. Lakini si hilo tu linalonifanya nijibu. Mimi ni Shahidi wa Yehova. Mwaka 1986, Mobutu alipopiga marufuku shirika letu, nilikuwa mtoto wa miaka 12 kule Likasi. Asubuhi bendera inapandishwa, nyimbo za MPR, chama cha Mobutu, zinaimbwa, na mimi na dada yangu tumesimama mikono chini, midomo imefungwa, maana imani yetu haituruhusu. Hatukumtukana mtu. Tulifutwa kwenye rejista, na baba akanipeleka kwa fundi wa baiskeli nijifunze kunyoosha rimu.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndilo jibu la swali lako. Wenzetu pamoja na mashirika ya haki za binadamu walipeleka malalamiko dhidi ya Zaire kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao Banjul, Gambia. Tume ilisema Zaire imevunja ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika, inayolinda uhuru wa dhamiri na ibada, na kwamba serikali haikuleta ushahidi wowote kuwa ibada yetu inahatarisha utulivu. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni watoto kunyimwa shule. Nilipousoma uamuzi ule kwa mara ya kwanza, miaka mingi baadaye, kwenye skrini ya kompyuta hii hii, niliacha wateja wangoje.

Lakini angalia tarehe. Uamuzi wa Banjul ulitoka katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo, 1993, Mahakama ya Juu kule Kinshasa ilikuwa imeshaifuta amri ya 1986. Aliyefungua mlango alikuwa jaji wa hapa nyumbani. Banjul ilikuja nyuma kuandika kwamba mlango ule haukupaswa kufungwa. Mimi nilikuwa na miaka 19 na rimu nilikuwa nimeshazizoea.

Ukitaka mfano wa zamani zaidi, uko mjini kwetu. Simon Kimbangu, mhubiri wa Kongo, alihukumiwa kifo na Wabelgiji mwaka 1921, Mfalme Albert akabadilisha iwe kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi hii. Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio la Haki za Binadamu, na ibara yake ya 18 inasema kila mtu ana uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Ubelgiji ilipiga kura ya ndiyo. Kimbangu hakutolewa. Alifia hapa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, karatasi ile ikiwa na karibu miaka mitatu. Leo tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa ajili yake, na kanisa lake lilikuwa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni kuanzia 1969 hadi 2021. Mtu wa kumfungulia selo alihitajika hapahapa, na hakupatikana.

Kwa hiyo kaka yako hasemi uongo na mume wako hasemi uongo. Marekani ina sheria ya uhuru wa dini duniani tangu 1998, iliyoweka kiti cha balozi wa kazi hiyo, na inayoitaka wizara yao ya mambo ya nje itoe kila mwaka ripoti yenye sura juu ya Kongo. Mikutano ya mawaziri ilianza Washington mwaka 2018, ikafika London mwaka 2022. Humo serikali huzisema serikali. Prefe wa Katuba hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote kule, na ni vizuri asiwemo, maana kesi yake inaweza kumalizwa na watu watatu wanaokaa Lubumbashi.

Fanya hivi. Andika barua kwa prefe, kwa heshima, umwombe akupe kwa maandishi sababu ya kumrudisha mtoto. Usibishane naye mlangoni. Chukua nakala tatu; moja waipige muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Sekretari akikataa kupiga muhuri, rudi na shahidi. Nakala nyingine iende kwa koordinasheni ya mtandao wa dini hiyo, ofisi inayosimamia shule zake, na nyingine kwa Proved, mkuu wa elimu wa serikali mkoani. Ndani ya barua usiandike hadithi ya Geneva. Andika Katiba ya 18 Februari 2006: ibara ya 22 inalinda dini, na ibara ya 45 inasema kila mtu anaingia shule za taifa bila kubaguliwa kwa dini. Hiyo ya 45 ndiyo yenye meno, kwa sababu shule ya konvansioni si ya binafsi. Tangu makubaliano ya 1977 kanisa linaiongoza, lakini shule ni ya serikali, na mishahara ya walimu inatoka serikalini. "Nyumba yangu, sheria yangu" haisimami hapo.

Mwana_wa_Beni

Nasoma haya nikiwa na hasira ambayo si yenu. Mimi niko Lubumbashi kwa kazi, familia iko upande wa Beni. Julai 2025 waumini waliuawa usiku kanisani Komanda, Ituri, na waasi wa ADF. Walikuwa kwenye mkesha. Kila mwaka tarehe 22 Agosti Umoja wa Mataifa unaadhimisha siku ya wahanga wa ukatili unaotokana na dini au imani, tunapata tangazo zuri. Halafu?

Mama, simaanishi kitambaa cha binti yako ni kitu kidogo. Ila mkisema "juhudi za kimataifa" mjue kuna watu wanaozingoja na bunduki ziko mlangoni.

Mwanasheria_mtarajiwa_UNILU

Papa wa Kampemba ameeleza vizuri, naongeza mawili.

La kwanza, njia za Geneva ziko mbili na watu wanazichanganya. Iko Kamati ya Haki za Binadamu, ile ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Nchi yetu iliingia humo mwaka 1976 pamoja na itifaki inayomruhusu mtu mmoja kulalamika. Lakini Kamati inataka kwanza umalize mahakama za nchini, na majibu huchukua miaka. Iko pia ofisi ya mjumbe maalumu wa uhuru wa dini au imani, iliyoanzishwa mwaka 1986 (ndiyo, mwaka uleule wa marufuku ya Mobutu), na tangu 2022 iko mikononi mwa Nazila Ghanea. Yeye anaweza kupokea barua ya mtu yeyote hata kama hujaenda mahakamani, na akiona inafaa anaiandikia serikali. Hatoi hukumu.

La pili, kuhusu kitambaa wakubwa wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2004 Kamati hiyo ya Geneva ilisema Uzbekistan ilimkosea Raihon Hudoyberganova, mwanafunzi aliyefukuzwa chuo Tashkent kwa ajili ya hijabu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg ilisema Uturuki haikumkosea Leyla Şahin, mwanafunzi wa tiba aliyezuiwa kwa jambo hilohilo. Ufaransa imekataza kitambaa katika shule za serikali tangu 2004. Prefe akipata avoka (wakili) mjanja atamtajia Strasbourg. Mjibu kwamba Kongo haimo Strasbourg. Imo Geneva na Banjul.

Mtu_wa_Ruashi

Sawa, ile ya shule za konvansioni kuwa za serikali sikuifikiria. Lakini wakuu wa dini zetu wana kazi gani? Yale madhehebu manane tunayaona pamoja wakati wa kumtafuta mwenyekiti wa CENI, tume ya uchaguzi, tu, na 2021 hata hapo waligawanyika, Wakatoliki na Waprotestanti upande huu, sita upande ule.

Sekretariati_Kampemba

Hapo umenena. Mama, kabla ya Proved, mpitie imamu wako, awasiliane na COMICO, jumuiya ya Waislamu wa Kongo, ya mkoa, na COMICO imwendee mkuu wa koordinasheni ana kwa ana. Hao wanafahamiana, wanakaa meza moja kwenye sherehe za gavana. Mzee kwa mzee husikilizana pasipo mtu kuaibika, na prefe anapata njia ya kurudi nyuma.

Mwana wa Beni, nimekusoma. Sina la kukujibu linalotosha.

Mshonaji_Katuba

Asanteni, hata wewe wa Ruashi. Nimesoma yote kwa sauti, mume wangu alikuwa akisikiliza huku anajifanya anatazama mpira.

Imamu amesema atapiga simu leo baada ya alasiri. Barua nimeanza kuiandika kwa mkono. Nimeweka kwamba binti yangu ni wa kwanza katika kemia, na kwamba prefe ana chuki na Uislamu. Papa wa Kampemba, nikikuletea utanipigia kwa Kifaransa kizuri? Na ni bei gani?

Sekretariati_Kampemba

Hilo la chuki litoe. Hujui kilicho moyoni mwake, na koordinasheni ikiliona itamtetea mtu wao badala ya kumsikiliza mtoto. La kemia liache, tena liweke juu, na uambatishe bilteni, ile ripoti ya alama zake.

Njoo na risiti ya minervali, hati ya uandikishaji na jina kamili la shule kama lilivyo kwenye muhuri wao. Kupiga barua ni bure kwako. Fotokopi utalipa, wino sipewi bure. Njoo kabla ya saa nne, baadaye wanafunzi wa chuo wanaochapisha memwari (tasnifu) wanajaa.