MREJESHO: Bima ya mkandarasi niliyokuwa naitafuta mtandaoni

Wakuu, nashukuru sana. Mwezi uliopita niliuliza wapi nitapata bima ya dhima kwa umma (inayolipa watu wa nje wakiumizwa na kazi yetu) mtandaoni, maana mwenye jengo Kinondoni aligoma kutupa kazi ya kupaka rangi ghorofa tatu bila hiyo.

Nimeipata. Niliomba bei kwa madalali watatu kwa WhatsApp, wawili wakajibu siku hiyo hiyo. Mmoja bei yake ilinivutia mno, ila kuusoma mkataba nikakuta kazi ya zaidi ya mita sita kwenda juu haimo. Na sisi tunapanda jukwaa mpaka juu kabisa! Nikachukua ya pili. Kabla ya kulipa nilihakikisha dalali ana leseni ya TIRA (mamlaka inayosimamia bima), na baada ya kulipa nikahakiki kavanoti (hati ya bima) kwenye mfumo wa TIRA. Msiruke hatua hizo.

Kumbe pia nilikuwa nachanganya mambo. Bima hii inamlipa mpita njia akiangukiwa na ndoo ya rangi. Fundi wangu akianguka, hilo ni la WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na nimeshawasajili vijana wote.

Jumatatu tunafunga jukwaa.