Bunduki ya misumari imejamu na risasi imo ndani, naomba ushauri

Fundi Dari: Wakuu, habari za jioni. Nafunga dari za jipsamu, kwa sasa niko saiti Goba. Bunduki yetu ya misumari, ile ya risasi za baruti, inasumbua. Unaikandamiza kwenye slabu, unavuta triga, inalia "tki" halafu kimya. Leo nimemkuta dogo anayenisaidia kaigeuza, mdomo unamtazama usoni, anachokonoa risasi kwa bisibisi! Nimemnyang'anya, nimeilaza kwenye mchanga na kazi imesimama. Mwenye nyumba anataka sebule iishe Ijumaa. Naitoaje hiyo risasi, na kwa nini inajamu?

Mzee wa Zege: Pole mkuu. Umefanya vema sana kusimamisha kazi. Baruti ikigongwa inaweza kuchelewa, ikalipuka baadaye kidogo. Kwa hiyo ikigoma, usiibandue kwenye slabu. Endelea kuikandamiza pale pale, hesabu sekunde 30, vuta triga tena. Ikigoma tena, subiri 30 nyingine, ndipo uishushe mdomo ukielekea pasipo na mtu. Toa risasi kwa utaratibu wa kitabu cha mashine yenyewe, kisha itumbukize kwenye ndoo ya maji. Usiitupe jalalani, watoto wanaokota vyuma.

Kijana wa Tegeta: Mbona mnatisha watu? Sisi tunachokonoa kila siku na hakuna kilichotokea.

Mzee wa Zege: Mdogo wangu, acha kabisa. Risasi hizi hupasuka zikigongwa ukingoni, na ncha ya bisibisi inapita hapo hapo ukingoni. Nakuomba kama mwanangu, usiendelee.

Dada Vifaa: Kuhusu kujamu, mara nyingi ni masizi. Kila risasi inaacha masizi, pistoni inanata, hairudi mpaka mwisho. Jioni, ukishatoa risasi zote, fungua, piga brashi sehemu zote, angalia na pete za pistoni. Wengi wakiona nguvu imepungua wanakimbilia risasi nyekundu, kumbe mashine ni chafu tu. Kijani ni dhaifu kuliko njano, na njano ni dhaifu kuliko nyekundu. Anza na dhaifu, kisha panda taratibu. Tena risasi msiziache juu ya mchanga mbichi, zikipata unyevu zinagoma.

Fundi wa Mbezi: Miwani na vizuia sauti jamani, hata kwa msumari mmoja. Na msipige kwenye tofali lenye matundu, msumari unatokea upande wa pili alipo mwenzako.

Fundi Dari: Nashukuru sana wakuu. Hii iliyolala mchangani zimepita saa kadhaa. Naweza kuishika?

Mzee wa Zege: Hatari ya kuchelewa imepita, ila risasi bado ni nzima, ihesabu hivyo. Vaa miwani, waondoe watu wote, mdomo uelekee kwenye mchanga, kidole mbali na triga. Vuta ule ukanda unaoshikilia risasi kwa mkono. Ukitoka, ndoo ya maji. Ukigoma, usigonge wala usichokonoe. Mpigie fundi wa mashine hizo aje hapo saiti. Usipande nayo daladala ikiwa na risasi ndani. Mwenye nyumba mwambie leo hii kwamba sebule itachelewa.

Fundi Dari: Nampigia sasa hivi. Dogo naye nimemsomea yote haya.